Boti ya mbao kuwa makazi Ziwa Nyasa: kuziba, kukausha na kulea watoto majini

Familia inayohamia botini upande wa Matema au bandari ya Kiwira, wilayani Kyela, huanza kwa kuogopa mawimbi. Mawimbi ya Mwera, upepo wa kusini, yanastahili kuogopwa, ila yana msimu wake na dalili zake huonekana mapema. Kinachomaliza boti ya mbao inayokaliwa na watu ni maji yaliyotulia: mvua iliyopenya darini na kutuama nyuma ya taruma (mbavu za boti), unyevu wa usiku chini ya godoro, beseni la kufulia lililomwagika ndani ya ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti) na hakuna aliyejali. Kyela ni kati ya wilaya zinazopata mvua nyingi kabisa nchini, na ziwa lenyewe ni la maji baridi yasiyo na chumvi. Chumvi huzuia sana kuvu inayoozesha mbao. Maji baridi huilea.

Ndiyo maana ushauri wa mafundi wa pwani, hata awe bingwa wa Kilwa au Tanga, hauchukuliwi mzimamzima huku. Wao wanapigana na wadudu wa bahari wanaotoboa mbao kutoka nje. Ziwani wadudu hao hawapo. Boti za huku huoza kutoka ndani na kutoka juu, na karibu kila kazi iliyoelezwa hapa chini ina lengo moja: maji yasikae, hewa ipite.

Vipimo vyetu ni vya boti ya urefu wa mita 9 hadi 10 na upana wa mita 2 na ushei, yenye kibanda na paa, kwa familia ya watu 4 au 5.

Kabla ya kulipa

Nenda na bisibisi nyembamba, nyundo ndogo na tochi. Gonga mbao moja baada ya nyingine ukisikiliza: mbao nzima hulia kwa sauti kali, iliyooza hutoa sauti ya kububuta. Kisha chomeka bisibisi sehemu nne ambazo muuzaji huwa hazioneshi: pale taruma linapokutana na mkuku (mti wa chini ulio uti wa mgongo wa boti), ndani kabisa ya omo (mbele), ubao wa tezi (nyuma) unaobeba mashine, na chini ya mbao za sitaha zilizo karibu na mlango wa kibanda.

Usitosheke na ncha kuingia au kutoingia. Ingiza milimita chache, kisha chokonoa kwa kuinua kama unayetoa mwiba. Mbao nzima huinuka uzi mrefu unaong'ang'ania pande zote mbili. Mbao iliyoanza kuoza hukatika kijipande kifupi, kikavu, bila ubishi wowote, hata kama kwa macho rangi yake bado ni nzuri. Hiyo ndiyo dalili ya mapema kuliko zote, na mtu akishaizoea haihitaji fundi kumwambia.

Rangi mpya ndani ya ngama isikufurahishe. Hakuna anayepaka ngama ili ipendeze. Vilevile, ukikuta saruji imemwagwa kati ya mataruma kuziba mvujo, hesabu kwamba mbao iliyo chini yake imekwisha: saruji huachana na mbao ikipata joto na baridi, maji huingia katikati, na hakuna njia ya kuyatoa.

Taruma moja au mawili yaliyooza hurekebishika. Mkuku uliooza haurekebishiki kwa bei inayoeleweka. Achana na boti hiyo.

Kuhusu mbao za matengenezo, msindano wa Sao Hill kule Mufindi ni wa bei nafuu na hupatikana hadi Tukuyu, lakini ukiwa haujatiwa dawa utumike ndani tu: vitanda, makabati, sakafu ya kuondoleka. Sehemu inayogusa maji iwe mvule au mninga. Msindano uliotiwa dawa, ule wenye rangi ya kijani, unafaa sitaha, ila vipande vyake na vumbi lake visiingie jikoni hata siku moja. Dawa hiyo huwa na aseniki, na moshi wake ni sumu. Watoto wanaotumwa kuokota kuni za kuwashia jiko waambiwe hivyo wazi.

Kutia kalafati (kujaza pamba kwenye mishono ya mbao)

Ipandishe boti ufukweni juu ya magogo, kwenye kivuli. Ikae siku 5 hadi 7. Ukiiacha mwezi mzima juani, mbao zitasinyaa, mishono itafunguka kupita kiasi, nawe utajaza pamba nyingi ambayo boti ikirudi majini na kuvimba itasukuma mbao zitoke kwenye misumari. Kosa hili ni kubwa kuliko kutia pamba kidogo.

Boti ya mita 10 yenye mbao 8 kila upande ina mshono unaokaribia mita 150, kwa hiyo anza na upande mmoja na usichanganye. Vifaa ni vichache. Patasi ya kalafati, mhunzi yeyote anaweza kuifua kwa kipande cha springi ya gari: upana wa sentimita 5, ncha butu ya milimita 2. Ncha kali hukata pamba badala ya kuisukuma. Nyundo iwe ya mti. Kulabu ya kuchokolea pamba ya zamani hutengenezwa kwa tupa iliyochakaa, ikapashwa moto, ikakunjwa ncha na kunolewa.

Chokoa mshono mpaka uone mbao safi. Ukikwangua rangi ya zamani, ilowanishe kwanza na watoto wasogezwe mbali, kwa sababu rangi za miaka ya nyuma huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake huathiri ubongo wa mtoto. Mshono mzuri una umbo la kabari, mpana nje na uliobana ndani. Ukiona mwanga unapita moja kwa moja, pamba itaangukia ndani. Hapo chonga ufito mwembamba wa mbao, uugandishe kwanza. Mshono unaozidi milimita 6 ujazwe ufito huohuo, usijazwe pamba.

Pamba iwe nyuzi ndefu zisizosokotwa sana. Vitambaa vya nailoni na nyuzi za viroba havivimbi vikilowana, na kuvimba ndiyo kazi yenyewe. Kwa mshono wa kawaida, uzi uliosokotwa kwa kiganja uwe mnene kidogo kuliko upana wa mshono. Usiupige umenyooka. Ukunje vitanzi vidogo, gonga kila kitanzi kiingie, kisha rudia mstari mzima kwa kugonga kwa nguvu sawa hadi pamba ibaki milimita 4 ndani ya uso wa mbao. Nyundo inayorudi yenyewe mkononi inakuambia pamba imeshiba. Ikiwa nyundo inazama, ongeza. Ikiwa taruma la ndani linalia, umezidisha.

Nafasi ya milimita 4 iliyobaki hujazwa chokaa laini iliyokandwa na mafuta ya kitani hadi iwe donge lisilonata vidoleni. Paka kwanza mafuta hayohayo kwenye mshono. Mbao kavu hunyonya mafuta ya donge lako na kuliacha lipasuke. Kyela ni nchi ya michikichi na mawese yapo kila genge, lakini yasitumike hapa. Mawese hayakauki. Mshono uliopakwa mawese hautashika rangi, na donge litabaki laini mpaka litoke.

Nje, chini ya mstari wa maji, deheni bado ni kinga nzuri na rahisi: shahamu ya ng'ombe iyeyushwe kwa moto mdogo, chokaa iliyochekechwa iongezwe kidogo kidogo huku ukikoroga, hadi mchanganyiko ushike kisu bila kudondoka. Upakwe ungali vuguvugu. Unahitaji kurudiwa kila boti inapopandishwa.

Lami watu huipenda kwa kuwa haina kazi nyingi. Nje inakubalika. Ndani usiipake kamwe. Mbao iliyozibwa pande zote mbili haina pa kutolea unyevu, na itaoza ikiwa imependeza.

Ukibadilisha ubao, unganisha kwa mshazari wenye urefu wa mara 8 ya unene: ubao wa sentimita 2.5 upate mshazari wa sentimita 20. Viungo vya mbao zinazopakana vipishane angalau mataruma matatu. Toboa kwa keekee kabla ya kupiga msumari, tundu liwe jembamba kidogo kuliko msumari, la sivyo mvule utapasuka. Misumari iwe imetiwa zinki.

Siku ya kurudisha boti majini, itavuja. Itavuja hata kama kazi yako ni safi, kwa siku 1 hadi 3, mpaka mbao zivimbe na kubana pamba. Mtu mzima mmoja alale humo akifua maji, yaani kuyachota na kuyatupa nje, usiku na mchana kwa zamu. Familia na magodoro vibaki nchi kavu mpaka upo (chombo cha kufulia maji) uweze kupumzika kwa saa 6 bila maji kufika sakafuni.

Ngama ipitishe maji

Kila taruma lazima liwe na tundu chini, kando ya mkuku, la sentimita 2 hadi 2.5, ili maji yatelemke hadi sehemu moja ya chini kabisa unapofulia. Boti nyingi zina matundu hayo ila yamezibwa na punje za mchele, magamba ya usipa (dagaa wa ziwa hili) na nywele. Pitisha mnyororo mwembamba au kamba ya mafundo kwenye matundu yote kutoka omo hadi tezi, uuache humo. Kila asubuhi uvute mbele na nyuma mara kadhaa. Hii ni kazi ya sekunde chache ambayo mtoto wa miaka 8 anaiweza, na inaokoa mataruma kuliko dawa yoyote ya kopo.

Sakafu isipigiliwe misumari. Iwe vipande vya kuinuliwa, visivyozidi sentimita 60, vyenye tundu la kidole. Siku ya jua, inua vyote na uache ngama iote hewa mchana kutwa.

Kitanda kiwe cha fito zenye nafasi ya sentimita 4, kiinuliwe sentimita 20 kutoka sakafuni, na kisiguse ubavu wa boti. Godoro la sponji lililolazwa juu ya ubao mtupu hupata ukungu mweusi upande wa chini ndani ya wiki za masika. Mkeka wa ukindu chini ya godoro husaidia kupitisha hewa, ila nao uanikwe. Nguo na madaftari ya shule vikae kwenye ndoo za plastiki zenye vifuniko vya kubana. Sanduku la mbao halifai, hata likiwa na kufuli nzuri.

Kunyunyiza chumvi ya mawe kati ya mataruma ni njia ya zamani na inapunguza kuvu kweli. Lakini chumvi hula chuma. Iwapo misumari yako ni ya chuma kitupu, utaokoa mbao na kupoteza kinachozishika.

Paa, na maji ya kunywa

Paa la turubai liwe na mwinamo wa kutosha maji yasitengeneze dimbwi, na litokeze sentimita 30 nje ya ubavu. Pindo la chini likunjwe liwe mfereji, limalizikie kwenye mpira unaoingia kwenye dumu. Paa la mita 3 kwa 2 lina mita za mraba 6. Mvua ya milimita 20 inakupa lita 120. Kyela mvua hiyo hunyesha jioni moja. Lita 12 za mwanzo zimwage, kwani zimeosha vumbi na vinyesi vya ndege. Usianike usipa juu ya paa hilo kisha ukategemea maji yake.

Watu 5 wanahitaji lita 20 hadi 25 kwa siku za kunywa na kupikia. Wakati wa kiangazi utachota ziwani. Chota mbali na matete na mbali na midomo ya mito, acha yatuame, mimina ya juu, kisha yachemshe mpaka yatokote dakika nzima au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Maji machafu yenye tope hayatibiki kwa dawa. Chuja kwanza kwa kitambaa safi. Chombo cha maji ya kunywa kiwe na bomba au mdomo mwembamba ili mikono ya watoto isiingie.

Jiko

Hapa hakuna nafasi ya kukisia. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Nyumbani ikivuja hutoka mlangoni. Botini hushuka kwenye ngama na kukaa humo ikingoja cheche. Mtungi wa kilo 6 ukae nje, upande wa tezi, ndani ya sanduku lisilopitisha gesi ndani ya kibanda na lenye tundu chini linalotokea nje ya boti. Mpira upite kwa njia fupi, ubanwe kwa kibanio, na ukaguliwe kwa povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi. Funga valvu ya mtungi kila baada ya kupika, usitegemee swichi ya jiko. Ukisikia harufu, usiwashe chochote, hata tochi: fungua pande zote, toa watoto, kisha fua ngama kwa upo wa plastiki kama unayefua maji. Hewa nzito hutoka hivyohivyo.

Jiko la mkaa lina hatari nyingine. Wengi wanaoshuka kutoka Makete, Rungwe au Mufindi wamezoea kuingiza jiko ndani kuota moto wakati wa baridi, na kila msimu wa baridi huwa na habari za watu waliolala wasiamke. Kibanda cha boti ni kidogo mno kuliko chumba chochote cha nyumba. Mkaa uliokolea, usiotoa moshi, ndio unaotoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Jiko lipikiwe nje chini ya turubai, likae kwenye sanduku la bati lenye mchanga wa sentimita 8, lililofungwa lisiteleze. Mvua ikinyesha sana siku hiyo mle kande za jana au mihogo iliyochemshwa mapema. Jiko lisiingizwe ndani. Makaa yazimwe kwa maji kabla ya kulala.

Petroli ya mashine ikae nje pia, mbali na jiko, kwenye galoni lake lenye mfuniko mzima. Mashine nyingi za mipigo miwili huchanganywa lita 50 za petroli kwa lita 1 ya oili, yaani mililita 200 kwa lita 10; soma kitabu cha mashine yako kwani baadhi hutofautiana. Weka kizimamoto cha unga karibu na mlango, kisiwe karibu na jiko. Moto ukiwaka jikoni, kizimamoto kilicho jikoni hakifikiki.

Umeme wa jua

Hesabu matumizi kwanza, kisha nenda dukani. Taa 4 za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 100. Simu 3, takriban 40. Redio, 30. Pampu ndogo ya ngama ya wati 36 kwa nusu saa, 18. Jumla 188, sema 190. Wakati wa masika tegemea saa 3 na nusu tu za jua zima. Paneli ya wati 100 kwa muda huo, ukitoa upotevu wa asilimia 30, inatoa 245. Inatosha.

Betri ya asidi isishushwe chini ya nusu. Kwa siku 2 za mawingu unahitaji 380, kwa hiyo betri ya angalau 760, ambayo kwa volti 12 ni Ah (ampea-saa) 63. Nunua ya Ah 75 au 100. Wanaonunua betri ya Ah 40 kwa paneli hiyohiyo huilaumu betri baada ya mwaka mmoja, na kumbe iliuawa kwa kumalizwa kila usiku.

Waya wa paneli uwe wa milimita za mraba 4. Fyuzi iwekwe ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye nguzo chanya ya betri, kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu waya ulioguswa kabla ya fyuzi utawaka hata kama fyuzi ni nzima. Betri ifungwe kwa mkanda ndani ya sanduku lenye tundu la hewa juu, na isikae ngamani wala karibu na mtungi wa gesi. Viungo vya waya vipakwe grisi. Kijani ukikiona kwenye shaba, unyevu umeshaingia. Kata sentimita kadhaa mpaka upate waya unaong'aa.

Jioni ambazo mainzi wadogo wa ziwa wanapaa kwa mawingu, taa za nje zizimwe na chandarua zishushwe mapema. Chandarua cha malaria kinahitajika hata mkitia nanga mbali na nchi kavu.

Watoto

Wavu wa kuzunguka sitaha uwe na kimo cha sentimita 90, ufungwe chini kila sentimita 15, kwa sababu mtoto mdogo hutoka kwa kupenya chini kuliko kuruka juu. Nyavu za zamani za uvuvi zinafaa zikiwa na macho madogo yasiyopitisha kichwa.

Jaketi la kuokolea huchaguliwa kwa kilo za mtoto, umri hausemi kitu. Mvalishe, funga mikanda yote, kisha mwinue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni ni kubwa, na majini litamtoka kichwani. La chini ya miaka 6 liwe na mkanda unaopita kati ya miguu. Kununua kubwa ili akue nalo, kama tufanyavyo na sare za shule, hakufai kwa jaketi.

Mashua ikiwa na ubavu wa sentimita 80, mtu mzima aliyechoka hawezi kujipandisha, mtoto ndiyo kabisa. Ngazi ining'inie muda wote mko nangani, na vidato viwili vya chini viwe ndani ya maji, sentimita 60. Karibu nayo ning'iniza dumu la lita 5 lililofungwa kamba inayoelea ya mita 15. Litie maji kiasi cha kikombe kimoja. Dumu tupu hupeperushwa na upepo na halifiki unakolirusha.

Kanuni moja ya nyumbani ishikwe na wote: anayewaangalia watoto anajulikana kwa jina, na zamu hukabidhiwa kwa mdomo. Mama akishuka kwenda sokoni Lyulilo, amwambie baba au dada mkubwa, "Watoto wako kwako sasa," naye aitikie. Ajali za watoto majini huweza kutokea hata watu wazima wawili wakiwepo, kila mmoja akidhani mwenzake anaangalia. Shangazi au bibi akija kutembelea, asipewe zamu kabla hajaoneshwa ngazi na dumu lilipo.

Kuoga na choo

Kichocho hupatikana ziwani, hasa penye kina kifupi chenye majani na konokono. Watoto wasiogee hapo. Maji ya kuogea yakichotwa na kukaa kwenye ndoo siku 2 bila konokono, vijidudu vyake huwa vimekufa. Midomo ya mito Kiwira, Mbaka na Lufilyo iepukwe kwa kuogea, kufulia na kwa watoto kuchezea: mamba hupenda maeneo hayo.

Choo kiwe ndoo ya lita 20 yenye kifuniko na kiti cha mbao. Kila matumizi funika kwa bakuli moja la pumba kavu za mpunga. Mashine za kukoboa Kyela zinazo kwa marundo. Mkojo utengwe kwenye dumu lake, maana ndoo ikilowana hunuka na kuvutia mainzi. Kinyesi kipelekwe kwenye choo cha shimo nchi kavu, kisimwagwe ziwani ambako jirani anachota maji ya kunywa. Ndoo mbili za kupokezana ni bora kuliko moja kubwa.

Nanga na Mwera

Boti ya ukubwa huu inahitaji nanga ya kilo 15, mnyororo wa mita 5 na kamba ya milimita 14. Toa kamba mara 5 ya kina siku tulivu, mara 7 upepo ukiongezeka. Upande wa milima ya Livingstone, kuanzia Matema kuelekea Ikombe, chini hushuka ghafla. Nanga iliyotupwa kwenye mteremko hukokotwa kwenda kwenye kina na kuacha kushika. Hapo tupa nanga upande wa ziwa na funga kamba ya pili kwenye mti au jiwe la ufukweni, kisha angalia alama mbili za nchi kavu kila baada ya saa moja kujua kama mnahama.

Mwera hutoka kusini, na Matema na Kiwira ziko ncha ya kaskazini ya ziwa lenye urefu unaozidi kilomita 500. Mawimbi huwa yameshakua njia nzima kabla hayajawafikia. Kati ya Mei na Agosti upepo huu unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo. Fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) kwa Ziwa Nyasa, safiri alfajiri, na ukichelewa usiondoke. Boti iwe imekaguliwa na kusajiliwa na TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), na viongozi wa kijiji pamoja na BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi) ya ufukwe wajue mko wangapi na mmetia nanga wapi, maana wao ndio watakaokuja kwanza mkipiga kelele.

Kwa familia yenye watoto wadogo tunashauri miezi hiyo minne ihamie nchi kavu na boti ipandishwe. Mvua ya masika ikishakatika, ndiyo miezi mikavu pia, kwa hiyo ni wakati wa kazi zote za hapo juu: ondoa sakafu yote, fungua milango ya kabati, ing'oe mashine, suuza ngama kwa maji safi na uiache wazi pande mbili upepo upite. Inamisha boti kidogo upande wa tezi kwa kuweka gogo chini ya omo, ili mvua ya ghafla isituame mbele. Chunguza mishono kila wiki. Ikianza kuachana, ning'iniza magunia yaliyolowa maji ubavuni kwa nje, uyalowanishe asubuhi na jioni, mpaka siku utakayoanza kuchokoa pamba.